NAFSI INAPOCHOKA: SABABU ZA DHIKI YA MOYO NA NAMNA YA KUITULIZA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.



Somo letu la leo linahusu ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua kwa dalili zake, ingawa kila mtaa unauita kwa jina lake. Mtu anaamka asubuhi akiwa amechoka kuliko alivyolala. Anakaa ukingoni mwa kitanda, viatu viko mbele yake, na kuvivaa tu kunamwia kazi ya siku nzima. Mtoto akilia kidogo anamfokea, kisha anajuta. Akisimama kuswali anasahau amefika rakaa ya ngapi. Usiku usingizi unamkimbia. Saa nane anahesabu madeni, anakumbuka maneno aliyoambiwa mwaka juzi, na moyo unadunda kana kwamba kuna mtu mlangoni. Kichwa kinabana, shingo inauma, tumbo linavurugika. Anakwenda kupima malaria, anaambiwa hana. Watu wanasema ni mvivu. Wengine wanasema amerogwa. Na wako wengine, ambao huumiza zaidi kwa kuwa husema kwa jina la dini, wanaosema: imani yake imepungua, angekuwa anaswali vizuri yasingempata haya.

Neno hili la mwisho ndilo lililotufanya tuandike. Ndugu msomaji, huenda umeambiwa wewe, au umemwambia mwenzako kwa nia njema. Tulipime kwa mfano wa mtu ambaye hakuna atakayethubutu kusema kwamba imani yake au elimu yake ilikuwa ndogo.

Imamu Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria (1058) katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, sehemu ambayo leo iko Irani. Alikuwa Shafii, kama tulivyo wengi wetu hapa tuliopokea dini kwa njia ya pwani ya mashariki. Mwaka 484 (1091) waziri Nizam al-Mulk alimweka kuwa mwalimu wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, na wakati ule hapakuwa na kiti cha elimu kilichopita hicho. Umri wake ulikuwa kama miaka 34. Wanafunzi wapatao 300 walikaa mbele yake. Alifundisha, akatoa fatwa, akasoma falsafa katika saa alizoiba katikati ya kazi, akaandika kitabu juu ya kitabu. Mwaka uliofuata Nizam al-Mulk aliuawa, na baada ya wiki chache Sultani Malikshah naye akafa, na jamaa zake wakaanza kugombea ufalme. Ghazali akaendelea kufundisha.

Kisha ukaingia mwezi wa Rajabu wa mwaka 488, yaani Julai 1095, na ulimi wake ukafungika. Ameyasimulia mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dhalal. Alijikaza apate kufundisha hata siku moja tu kwa ajili ya kuwaridhisha wanafunzi, na neno halikutoka. Huzuni ikamshika. Chakula kikawa hakipiti, hata maji yakawa mazito kooni, na nguvu za mwili zikamwisha. Madaktari walipomchunguza walikata tamaa ya kumtibu kwa dawa. Walisema kwamba jambo hili limeanzia moyoni na kutoka huko limeenea mwilini, na kwamba halitatibika mpaka moyo wenyewe upumzishwe na linalousumbua.

Tafakari jambo hili, ndugu yangu. Ghazali hakuwa ameacha swala. Hakuwa mlevi, wala hakuwa mjinga wa dini. Mzigo uliomwangusha ulikuwa kazi ya dini yenyewe, pamoja na vita ndani ya nafsi yake: kwa karibu miezi sita alikuwa akivutwa huku na cheo na sifa, na kule na hofu ya kwamba anafundisha kwa ajili ya kusifiwa. Leo anaazimia kuondoka Baghdad, kesho anaghairi. Kama mtu angemjia akamwambia aongeze bidii, angekuwa anamwongezea kuni mtu anayeungua.

Na tuone alivyopona. Aligawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto. Ndugu yake Ahmad akashika nafasi yake ya kufundisha. Mwezi wa Dhulqaada wa mwaka uleule akaondoka. Alikaa Damascus karibu miaka miwili, akaenda Baitul Muqaddas, akahiji. Katika miaka hiyo ndipo alipoandika Ihya Ulum al-Din, kitabu ambacho masheikh wetu wanakisoma mpaka leo. Hakurudi kwenye kiti cha kufundisha kwa serikali hadi mwaka 499 (1106), safari hii mjini Nishapur, na alifariki Tus mwaka 505 (1111). Wako waliomlaumu kwa kuondoka; mwenyewe anataja kwamba watu walitoa sababu nyingi za kubuni, kila mtu na yake. Huo ni mtindo wa watu tangu zamani, hata kabla ya kuwapo simu.

SABABU ZAKE

Mwenyezi Mungu ameweka katika mwili wa binadamu jambo linalofanana na king'ora. Ukiona nyoka njiani, au ukisikia risasi karibu na nyumba, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zinatoa dawa za mwili ziitwazo adrenalini na kortizoli. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inakimbilia miguuni na mikononi, na tumbo linaacha kazi yake kwa muda. Hii ni neema, kwa kuwa inakuwezesha kukimbia au kujitetea. Lakini king'ora kimeumbwa kwa ajili ya saa moja. Hatari inapokuwa ni deni lisilolipika, au mgonjwa wa kuuguzwa usiku na mchana, au mlio wa bunduki wa miezi na miezi, king'ora hakizimiki. Usingizi unakuwa mwepesi. Mishipa ya shingo inabaki imekaza. Akili inashindwa kushika jambo moja, kwa sababu sehemu yake moja daima inatega sikio.

Sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kutafuta mifano mbali. Tangu mwaka 1996 wako watu waliokimbia nyumba zao mara tatu, mara nne, na kila mara wakaanza upya na sufuria moja. Wako mama wanaoamka saa kumi za usiku kwenda kuchukua bidhaa, wanauza hadi jioni, kisha wanarudi kupika bukari na sombe kwa watu kumi. Wako walimu ambao tangu masomo ya msingi yalipokuwa bure mwaka 2019 wanasimama mbele ya darasa ambalo halina hata nafasi ya kupita. Wako vijana wenye diploma ambao kila asubuhi wanavaa shati safi na hawana pa kwenda. Hao nao wanachoka, kwani kungoja ni kazi ngumu isiyo na mshahara. Na tusiwasahau maimamu na wake zao. Nyumba ya imamu haifungwi mlango: ndoa zinazovunjika, maiti, madeni, ugomvi wa mirathi, vyote vinalala kwake. Imamu naye ni mtu.

Sababu nyingine ni za mwili wenyewe, na ni makosa kuzisahau. Upungufu wa damu, hasa kwa mama aliyejifungua au mwenye kutokwa na damu nyingi ya mwezi, huleta uchovu huohuo na moyo kudunda. Ugonjwa wa sukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, kifua kikuu, homa isiyotibiwa vizuri: vyote hivi vinaweza kujificha nyuma ya maneno «nimechoka tu». Pombe inaleta usingizi wa saa mbili na kuharibu usiku uliobaki. Vidonge vya tramadoli ambavyo vijana wanameza ili wabebe mizigo bila kuchoka vinakopa nguvu za kesho na kudai riba.

Madaktari wenyewe wamehangaika na jina. Mwaka 1869 daktari wa Marekani, George Miller Beard, aliueneza ugonjwa huu kwa jina la nerasteni, akidhani kwamba nguvu ya mishipa ya fahamu inakwisha kama moto wa betri. Maelezo yake hayakusimama, na katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 jina hilo halimo tena; uchovu unaoletwa na kazi umetajwa humo kama jambo la kazini na haukuhesabiwa kuwa ugonjwa. Majina yanabadilika. Mwenye kuumia anabaki yuleyule.

Sasa liko jambo moja ambalo mtu aliyechoka anapaswa kulijua, maana ndilo linalomtesa kuliko uchovu wenyewe. Akili iliyochoka inatoa hukumu, na hukumu zake zinakuja na sauti ya ukweli. Inamwambia: wewe huna faida, umekuwa mzigo kwa watu, hata Mola wako amekuacha. Anaamini, kwa sababu ni akili yake mwenyewe inayosema. Wahyi ulipokatika kwa muda, Mtume wetu (S.A.W.) alihuzunika, na maadui wakasema kwamba Mola wake amemtupa. Ndipo ikashuka Sura ya 93, Adh-Dhuha, kumhakikishia kwamba hakuachwa wala hakuchukiwa. Basi ikiwa kiumbe bora alihitaji kuambiwa hivyo, wewe usione haya kuhitaji kuambiwa. Na ukiwa katika hali hiyo, ahirisha hukumu. Usiamue mambo ya ndoa yako, kazi yako au thamani yako saa nane za usiku.

QUR'ANI NA SUNNA ZINAVYOMTENDEA ALIYECHOKA

Fungua Sura ya 19, Maryam, kuanzia aya ya 23. Bibi Maryam (A.S.) yuko peke yake, uchungu wa uzazi umempeleka kwenye shina la mtende, na mbele yake kuna watu watakaomtuhumu. Akatamka kwamba laiti angekufa kabla ya haya na akasahaulika kabisa. Haya ni maneno ya mwanamke mteule, aliyetakaswa. Tazama alijibiwaje. Hakukemewa wala hakuambiwa kwamba imani yake imepungua. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa atikise mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, jicho lake litulie. Na akapewa ruhusa ya kutosema na mtu yeyote siku ile. Watu wakimuuliza, aashirie kwamba ameweka nadhiri ya kunyamaza.

Maji, chakula, utulivu, na kupumzishwa na kazi ya kujieleza kwa watu. Mambo haya yalitangulia; kukabiliana na kaumu yake kulikuja baadaye. Sisi mara nyingi tunageuza mpangilio: tunamtaka mgonjwa ajieleze kwanza mbele ya kikao cha ukoo, akiwa hajala tangu jana.

Nabii Yakubu (A.S.) naye alilia kwa ajili ya Yusufu mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, na wanawe wakamlaumu kwamba hataacha kumkumbuka mpaka aangamie. Yuko katika Sura ya 12, aya ya 84 na 85. Hakuna mahali anapohesabiwa kuwa mwenye dhambi kwa machozi yale.

Tuje kwenye Sunna. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zaynab, anapolegea katika swala za usiku anaishika asianguke. Akaamuru ifunguliwe, na akafundisha kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka akae. Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu wanaoishi wakining'inia kwenye kamba ya namna hiyo? Kamba ya kahawa, kamba ya vidonge, kamba ya aibu ya kusema «siwezi». Mtume (S.A.W.) alikataza kushikilia kamba hata katika ibada, sembuse katika biashara.

Na Salman al-Farisi (R.A.) alipomtembelea nduguye Abu Darda (R.A.) alimkuta anafunga mchana na kusimama usiku, na mkewe amejiachia, hana tena anayemtazama. Salman akakataa kula mpaka Abu Darda ale naye. Usiku Abu Darda alipotaka kusimama, Salman akamwambia alale. Akataka tena, akamwambia alale. Sehemu ya mwisho ya usiku ilipofika wakasimama pamoja. Kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani mwake wana haki, ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume (S.A.W.) akasema Salman amesema kweli. Hadithi hii imo katika Bukhari, na ndani yake mna jambo zuri: Salman hakutoa mawaidha akaondoka. Alilala palepale.

MWANACHUONI WA BALKH

Zaidi ya miaka 150 kabla ya Ghazali kuugua, aliishi Abu Zayd al-Balkhi, mtu wa Balkh katika nchi inayoitwa leo Afghanistan, aliyesoma Iraq na kufariki mwaka 322 Hijria (934). Aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na ya nafsi. Sehemu ya kwanza ni ya mwili. Sehemu ya pili, yenye milango minane, ni ya nafsi: namna ya kuilinda ikiwa salama, namna ya kuirudishia siha ikiugua, kisha hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, kila kimoja na mlango wake. Miaka elfu moja na zaidi iliyopita, Mwislamu alikuwa anawalaumu matabibu kwa kutibu mwili na kuiacha nafsi.

Alisema kwamba maradhi ya nafsi yanampata mwanadamu mara nyingi kuliko ya mwili. Mtu aweza kuishi miaka bila homa, lakini hakuna anayeishi bila huzuni, hasira au hofu. Huzuni aliigawa mara mbili. Iko yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali. Hiyo inatibiwa kwa maneno na fikra. Na iko isiyo na sababu inayoonekana, mtu amebanwa moyo hajui kwa nini; hiyo aliihesabu kuwa imetoka mwilini, na akataka mwili utibiwe. Aliyosema juu ya damu kama chanzo chake yalikuwa elimu ya zama zake, lakini mgawanyo wenyewe unamfaa daktari wa leo.

Ushauri wake ambao tunaupenda kuliko wote ni huu: kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya homa ya ghafla, mtu aweke akiba ya fikra njema siku ambazo moyo wake umetulia, azitumie siku ya dhiki. Maana siku ya dhiki akili haina nguvu ya kuzitengeneza. Chukua basi karatasi siku unayojisikia vizuri, uandike mambo matatu au manne unayoyajua kuwa kweli: dhiki ile ya mwaka fulani ilipita, fulani huwa ananisikiliza, nikilala huwa naona mambo kwa sura nyingine. Iweke kwenye mfuko wa kanzu au ndani ya msahafu.

Pia alisema kwamba aliyelemewa anahitaji mtu wa nje wa kumshauri, na kwa mwenye wasiwasi alitahadharisha kukaa peke yake, kwani upweke unailisha fikra mbaya. Hapa mtu atauliza: mbona Ghazali alijitenga? Kwa maoni yetu hakuna ugomvi kati yao. Ghazali aliutua mzigo kwanza, akaondoka akiwa ameamua, na kila siku yake ilikuwa na mpango wa ibada na kuandika. Anayejifungia chumbani mchana, pazia limeshushwa, akirudia jambo lilelile kichwani, hajatua kitu. Yuko peke yake pamoja na mzigo.

LINALOWEZEKANA NYUMBANI

Anza na usingizi. Lala na kuamka saa zilezile, hata kama usiku haukuwa mzuri. Chai nzito na kahawa ziishie adhuhuri. Kailula, usingizi mfupi wa mchana, ilikuwa desturi ya masahaba. Nusu saa yatosha, ukizidisha unaiba usiku. Usingizi ukikataa, usigaagae ukibishana nao. Inuka, kaa pahali penye mwanga hafifu, ukisinzia urudi. Na simu isilale chini ya mto. Habari za vita za usiku wa manane haziwezi kubadilishwa na wewe kabla ya alfajiri.

Tembea. Hata mwendo wa nusu saa kila siku, kwenda msikitini kwa njia ndefu, unaushusha mwili kutoka kwenye king'ora. Pumua polepole, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Swali faradhi zako kwa wakati, na za sunna kwa kadiri ya uwezo. Kwa mtu wa hali hii rakaa mbili za utulivu zinafaa kuliko kumi za kujiburuta.

Kisha utazame mzigo wenyewe. Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah kutokana na wasiwasi na huzuni, unyonge na uvivu, woga na ubakhili, uzito wa deni na kushindwa nguvu na watu. Angalia: deni na dhuluma vimewekwa ndani ya dua moja na huzuni. Alijua huzuni inakotoka. Kwa hiyo mtu akisema moyo wake umebanwa, muulize pia anadaiwa franga ngapi na nani. Kukaa na mwenye kudai na kupanga malipo madogo madogo kumewahi kuleta usingizi ambao hakuna kidonge kingeuleta. Anayeuguza mzazi kitandani hahitaji kuambiwa avute subira kama hakuna anayempokea zamu hata usiku mmoja kwa wiki. Ghazali alikuwa na Ahmad. Wewe ni Ahmad wa nani?

Bibi Aisha (R.A.), akifiwa katika jamaa zake, alingoja wanawake wa matanga watawanyike, wabaki watu wa nyumbani, kisha akaamuru upikwe uji wa shayiri uitwao talbina, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kwamba unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Shayiri kwetu ni adimu, lakini uji wa mahindi na soya upo. Sufuria iletwe siku ya nne, wageni wakishaondoka. Siku za mwanzo chakula huwa kimejaa.

LINALOHITAJI DAKTARI

Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha waja wa Allah wajitibu. Hali hii ikipita wiki mbili, au mtu akishindwa kula, kulala na kufanya kazi, apelekwe kituo cha afya apimwe damu na mengineyo, na aseme waziwazi kuhusu moyo wake, asitaje kichwa na tumbo tu. Goma kuna kituo cha magonjwa ya akili kiitwacho Tulizo Letu, na Bukavu kuna Sosame. Vyote viliwekwa na watawa wa Kikatoliki wa shirika la Frères de la Charité. Mwislamu asikatae tiba kwa sababu kuna msalaba ukutani. Kabla ya kusafiri ulizieni kwanza hali ya njia na ya kituo.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo la kheri na lina utulivu wake. Lakini kumfunga minyororo, kumpiga ili jini litoke, kumnyima chakula au kumfukiza moshi mpaka akohoe damu, hayo hayamo katika Sunna, na yanamfanya aliyechoka awe aliyevunjika. Anayedai franga nyingi kwa kazi hiyo, mwogopeni.

Vidonge vya usingizi vinavyouzwa sokoni, kama diazepamu, vinatuliza usiku wa kwanza, na baada ya wiki chache mtu hawezi kulala bila hivyo. Dawa ambazo daktari anatoa kwa ajili ya huzuni nzito ni nyingine: hazionyeshi kazi yake mpaka zipite wiki mbili hadi nne au zaidi, na hazikatwi ghafla mtu anapojisikia nafuu. Wengi wanaziacha siku ya kumi wakisema hazifai.

Na mtu akisema afadhali afe, msimnyamazishe kwa kumtisha na moto. Muulizeni kwa upole kama amefikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunamfungulia mlango wa kusema. Ondoeni nyumbani sumu ya panya, dawa za shamba, vidonge na kamba. Asibaki peke yake hata saa moja, na apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama ni Ijumaa na swala inakaribia. Atakayekaa naye ana udhuru.

Akianza kupata nafuu, asirudishiwe kazi zote kwa siku moja. Mpeni moja ndogo, achote maji au apange vitabu vya madrasa, na wiki ijayo mbili. Atakuwa na siku njema mbili na mbaya moja, kisha njema nne na mbaya moja. Siku mbaya ikirudi asidhani ameanza upya.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina majina ya Allah na Mtume wake. Tafadhali usiitupe chini wala kuifungia karanga. Ukimaliza kuisoma mpe jirani.)